Malkia kwenye Chupa ya Kahawa

Jumanne, 23 Aprili 2019
Nimevunjika kifundo cha mguu. Tena leo, siku ya kwanza ya kina Makalio, sisimizi wetu wa kukaanga, kuruka! Jana mvua, leo jua kali, saa nne asubuhi malkia wakaanza kumiminika kutoka ardhini, wanene kama maharage. Nilikuwa nimefikisha nusu ndoo. Mguu ukazama kwenye shimo lao. Plasta hadi gotini — wiki nane. Kaka Ubaldo amenileta kwake. Anasema kwa umri wangu wa miaka hamsini na minane ningewaachia kazi hiyo wenye magoti.

Jumatano, 24 Aprili
Wifi Rosalba anakaanga wale wa jana kwa chumvi. Nyumba nzima inanukia. Akaja na buti langu: “Wifi, mmoja alijificha humu. Nimkaange?” Nikasema hapana. Sijui kwa nini. Nimemtia kwenye chupa tupu ya kahawa, na udongo mbichi. Mabawa ameshayang'oa mwenyewe.
Nimewala tangu sijaota meno. Asiyekaangwa huwa anafanya nini?

Alhamisi, 25 Aprili
Amechimba kando ya kioo, namwona vizuri. Ametema kitu. Kipunje cheupe. Anakilambalamba.

Jumamosi, 27 Aprili
Mwalimu Leonilde, jirani, amekuja kunijulia hali. Nikamwonyesha kipunje. Ni ukungu, anasema, kama ule wa mkate uliovunda. Malkia kautoa kwa mama yake, karuka nao mdomoni.
“Kwani hukujua, Hermencia? Majani hawali. Wanaulisha ukungu majani, halafu wanakula ukungu.”
Miaka yote hii hapa Barichara nawaona wakipita na majani! Ukungu ukifa, naye kwisha. Hana wa kumwomba mwingine.

Alhamisi, 2 Mei
Mayai. Nimekaa na kioo cha kukuzia tangu chai ya asubuhi. Ananyofoa kipande cha ukungu, anakipeleka nyuma, anakidondoshea tone la kinyesi, anakirudisha mahali pake. Mbolea hiyo. Rosalba akauliza kama bado nachungulia choo cha mdudu. Lakini alivuta kigoda.
Yeye mwenyewe hali kitu — ila mayai yake. Anataga, anapapasa, anakula. Saba yametoka mbele yetu, sita kala. Rosalba akasema huenda la saba ndilo lililokusudiwa.

Jumatano, 15 Mei
Ukungu una manjano upande mmoja. Udongo umekauka? Nimedondosha maji kwa ncha ya kijiko. Sina raha. Chakula cha mchana nimekirudisha.

Alhamisi, 16 Mei
Upande wa manjano ameung'oa wote, kautupa pembeni. Uliobaki ni mweupe.

Jumapili, 9 Juni
Ubaldo kaiona chupa. Huwa haingii chumbani, leo kaja kurekebisha dirisha.
“Nini hicho?”
Nikamwambia.
“Ndani ya nyumba yangu? Baada ya miche yangu?”
Februari sisimizi hawa walimmalizia miche sitini ya michungwa kwa siku tatu. Ilibaki vijiti. Anasema siku chache nilizobaki na plasta nimwangalie nitakavyo, kisha ni maji ya moto. Hakuwa anatania.

Jumanne, 18 Juni
Kesho hospitali, plasta inatoka.
Wametoka watoto! Watatu, wadogo kama ufuta, rangi ya kahawa ya maziwa. Hawakwenda kwa mama. Walikwenda kwenye ukungu, wakaanza kuulamba. Nani kawafundisha?
Ubaldo kaja na birika. Nikamwambia, leo wamezaliwa. Kaichukua chupa, kaenda nayo barazani. Nami siwezi kumkimbilia.
Sijasikia maji. Nimesikia kiti kikiburutwa.
Imepita robo saa. Halafu sauti yake, ya chini: “Hermencia. Huyu mdogo kabisa anabeba nini?”
Nimemwambia atazame anakokipeleka. Anasema haoni, aletewe miwani.
Rosalba kampelekea. Anamuuliza, maji yamepoa, ayachemshe tena?
Naandika huku nasikiliza. Ubaldo anamwambia asogee, anamzibia mwanga.