Kipande Alichokikata Asali

Jumatatu, 10 Machi

— na jambo jingine nililosahau kuandika jana: anaimba akipiga pasi! Mume wangu. Naandika tena, mume wangu. Sauti ile ile niliyokuwa naisikiliza redioni nikiosha vyombo kwa mama, leo inaniuliza mimi chumvi iko wapi. Wasikilizaji wanamwita Asali. Hawajakosea!

Asubuhi nimesikiliza kipindi chake, Zawadi kwa Nani, pamoja na wifi aliyeniletea mapazia. Mtu akimshuku mwenzake anaandika redioni. Asali anampigia huyo mwenzake, anamdanganya kwamba ameshinda shuka za kitanda, anamuuliza apelekewe nani. Akitaja jina la mwingine, kimenuka! Leo mwanamke mmoja amemtaja mwanamume ambaye si mumewe. Papo hapo kicheko cha redio, kisha muziki. Wifi alicheka hadi akakaa sakafuni. Mwanamke mzima, anasema, shuka anagawa nje! Nami nilicheka mpaka machozi.

Ila ile sauti naijua. Wapi?

Jumatano, 12 Machi

Ni fundi wangu! Aliyenishonea gauni la harusi! Nimepeleka sketi kupunguzwa, nikakuta duka limefungwa. Muuza vifungo wa mlango wa pili ndiye aliyenieleza. Mumewe alikuja juzi, akamtupia begi barabarani. Sasa watu wanamwita Shuka, mpaka watoto wa shule. Amekimbilia kwa mama yake. Nikauliza, kweli ana bwana? Muuza vifungo akapandisha mabega: yeye atajuaje, redio imesema.

Redio. Yaani Asali wangu.

Namkumbuka akinizunguka kwa magoti, pini mdomoni. "Bibi harusi, ukinenepa wiki hii nakulaani!" Siku ya harusi alikuja na sindano na uzi kwenye mkoba, asije mtu akanikanyaga pindo. Nilimcheka mtu huyu. Nilicheka!

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Asali. Nilingoja ashibe kwanza — mama alinifundisha, mwanamume mwenye njaa haongeleki. Hakujua kwamba ni fundi wangu. Akasema kwa sauti yake ya nyumbani, si ile ya redioni, kwamba kipindi huwa kinarekodiwa kwanza, kisha wanakata. Fundi alieleza yote. Yule mwanamume aliyemtaja ni mzee aliyemfundisha kushona. Macho yamekwisha, analala juu ya godoro tupu.

Na hayo ukayakata?

"Yakibaki hayo, mpenzi, hapachekeshi. Nani atasikiliza?"

Nikasema basi kesho arushe kile kipande alichokikata. Akanipa simu nisome ujumbe wa wasikilizaji. Malaya huyo. Tena, Asali, rudia! Mumewe ana bahati kumgundua. Nilisoma mpaka kidole kikachoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mwanamume ni nani. Redio haiuzi inachotaka yenyewe, anasema Asali, inauza kinachonunuliwa. Nikataka kumjibu, nikamkumbuka wifi siku ile sakafuni, nami na machozi yangu ya kicheko. Sisi nasi ndio wanunuzi.

Akanibusu kwenye paji la uso. Busu nililipenda. Hapo ndipo penye shida — nililipenda sana.

Jumatatu, 17 Machi

Asali amemweleza mkuu wa vipindi habari za kile kipande, naye amefurahi! Anataka fundi na mumewe waje studio, wapatanishwe mbele ya wasikilizaji, na mwishoni kirushwe kile kipande. Asali macho yanang'aa. Itawaliza watu, anasema. Wiki iliyopita wacheke, wiki hii walie, na fundi ni yule yule.

"Wewe anakuamini. Mpigie, mke wangu." Akisema mke wangu hivyo, nayeyuka. Nimesema ndiyo.

Baadaye nimefungua kabati, nimelishika gauni. Pindo lake halijaachia hata uzi mmoja.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia, baada ya chakula cha mchana. Asali ameketi ubavuni, mkono wangu mkononi mwake, simu yake ameilaza mezani kifudifudi.

Dada, nikasema, ni mimi, bibi harusi wako.

Kisha akauliza: "Nani wengine wananisikia?"

Nikamtazama Asali. Asali akatazama chupa ya chumvi. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, nikaigeuza ile simu. Ilikuwa inarekodi.

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikasimama chini ya kamba ya nguo, kati ya mashati yake. Sasa hakuna mwingine, dada, nikamwambia.

Hataki studio. Hataki kupatanishwa kama kuku walioparurana. "Nisamehewe nini, mwanangu? Nilitoa shuka!" Hapo akacheka kidogo, nami nikalia. Anataka jambo moja tu: mumewe ayasikie maneno yake yote, hadi mwisho, wao wawili tu chumbani. Nikamwambia kipande kipo. Kipo kwenye kompyuta ya Asali, na namba ya siri ni tarehe ya harusi yetu. Aliichagua mwenyewe. Nilimpendaje siku ile!

Mlango ukafunguka. "Mpenzi? Amekubali?" Ile sauti ya redioni.

Fundi akaniuliza kama nitakwenda kwake na mume wangu. Nikajificha nyuma ya shati, nikaikinga simu kwa kiganja, nikamwambia: hapana, dada, peke yangu. Nitakuja na kile kipande. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja.