Mama Kanitoa Kwenye Kundi la Roki ya Kijapani

Mwenzangu, mama kanitoa kwenye kundi. Mama yangu mzazi! Kundi la kwenye simu la mashabiki wa ile bendi ya roki ya Kijapani, tulilolianza mimi na wewe tukiwa wawili tu, leo lina watu mia tatu wa nchi nyingine nyingine huko, kanitoa!

Si unakumbuka alivyokuwa? "Zima hayo makelele, siisikii cherehani yangu." Redio yake ikafa, nikamwachia simu yangu ikipiga nyimbo zetu kwenye chumba cha kushonea siku moja. Moja tu! Kesho yake ananiuliza, yule mpiga dramu wa hiyo bendi kaoa?

Na kosa ni langu. Nilimwingiza kundini, nikampa na uadmini ili amwingize mama mdogo.

Leo nimeandika tu kwamba wimbo wao mpya umepoa, mpiga dramu kachoka. Dakika haikupita, nimeondolewa. Nimeondolewa!!

Nikamfuata. Hata hakuinua macho kwenye pindo la gauni. "Yule kijana ana mama yake. Humu hatumsemi vibaya mtoto wa mtu."

"Mama, kundi ni langu!"

"Andika maombi. Mimi na mama yako mdogo tutayajadili."

Mama mdogo! Juzi tu alikuwa anauliza hawa watu wanaimba au wanagombana!

Sasa niko chumbani nimefura. Ng'ambo ya ukuta mama kaufungulia wimbo wenyewe, na cherehani inakwenda nao sawasawa, dramu kwa pedali.

Unajua kinachoniuma zaidi? Ule wimbo ni mtamu. Hapo kwenye dramu hasa.

Ole wako umwambie.