Kuku, Mwambie Mwenye Nyumba

Mwanga, Kigoma
3 Septemba 2023

Mwanangu Dafrosa,

Vipi hali, na baridi imeshaanza kukuuma? Sisi tunapumua. Magoti yananisumbua tu, mengine namshukuru Mungu.

Umeuliza kwa nini nikipokea simu yako natoka nje. Bora nikuandikie, maana nyumba ni ya vyumba viwili na baba yako mdogo Vénant ana masikio manne. Hatusemezani, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Tangu siku tulipomzika mama yangu, bibi yako, yeye akabaki kwenye cherehani anashona sare za shule. Sikumtukana. Nilinyamaza, naye akanyamaza.

Lakini watu wawili hawali bila maneno, basi tunamtumia kuku, yule mweusi anayelala jikoni. Nasema, "Kuku, mwambie mwenye nyumba uji unapoa." Naye huko aliko, "Kuku, mwambie huyo mama uji hauna sukari." Haki ya Mungu, kuku anageuza shingo huku na huku kama karani wa mahakama!

Cheka, lakini usimwambie mtu. Akishatoka kwenda kazini huwa nalia.

Mama yako mdogo,
Emérithe

---

Rågsved, Stockholm
1 Oktoba 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi ni mzima, ingawa giza limeanza kutuingilia mapema.

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Nafundisha mawasiliano, lakini sina ushauri ninaouamini. Najiuliza tu: mtu anayemtuma kuku, je, si bado anataka kusikilizwa? Huenda nakosea. Wewe ndiye unayeishi naye.

Chuo chetu ni kidogo, wanafunzi wa somo langu hawafiki ishirini. Mwezi ujao mkuu wa chuo atakaa darasani kunisikiliza, ndipo aamue kama somo litaendelea. Niombee.

Mwanao,
Dafrosa

---

Mwanga, Kigoma
14 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Somo lilipita? Niliomba hadi mwenyekiti wa jumuiya akaniuliza huyo Dafrosa ana kesi gani.

Sasa sikia. Siku ya Krismasi tulikuwa mezani. Akasema, "Emérithe, chumvi." Hakumwambia kuku. Jina langu, mwanangu! Nilimpa chumvi. Juzi ameniuliza kama kaburi la mama limejengewa. Nikasema bado. Akasema Jumatatu ya Pasaka atafunga kazi, twende wote wawili, atabeba saruji mwenyewe. Hajaomba msamaha, wala sijamdai. Saruji itasema.

Mama yako mdogo,
Emérithe

---

Mwanga, Kigoma
20 Aprili 2024

Dafrosa,

Hatukwenda.

Siku ya Ijumaa Kuu alipita kwenye kijiwe cha mafundi wenzake. Wakamdaka: "Kuku, mwambie fundi suruali yangu imeisha?" Mwingine akawika. Alirudi nyumbani, akakaa, hakuniuliza kitu. Jumatatu akafungua kazi kama kawaida.

Nimeifuata habari nyuma kama mtu anayefuata siafu. Mafundi wameitoa kwa mwenzao Egide. Egide ameitoa kwa mke wake. Mke wake ameambiwa na dada yake, Dative, aliye huko kwenu Stockholm, Tensta. Dative ameambiwa na binti yake Bella, anayesoma chuoni kwako, na Dative anajua wewe ni mwanangu.

Niliketi nikahesabu niliowahi kuwaambia. Nilikuambia wewe peke yako.

Emérithe

---

Rågsved, Stockholm
19 Mei 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Ni kweli. Niliisimulia siku ile mkuu wa chuo alipokaa nyuma ya darasa. Mada ilikuwa namna watu wanavyosemezana kupitia wa tatu. Nilikuwa nimeandaa mifano ya vitabuni, na sura za wanafunzi zilikuwa zimelala. Nikasema, "Namjua mama mmoja." Wakaamka wote. Mkuu akacheka hadi akavua miwani.

Nilijiambia nimekulinda, kwa kuwa niliondoa jina lako, mji na kazi ya mumeo. Sikumwondoa kuku. Baada ya kipindi Bella alinijia. "Mwalimu, hawa ni watu wa kwetu Kigoma, sivyo? Mama atakufa kwa kicheko!" Pale ningeweza kumwomba anyamaze. Nilitabasamu, nikasema, "Huenda." Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu Aprili. Nilikuwa na furaha, na sikutaka kuiharibu.

Somo limeendelea. Niliwahi kufikiri kwamba hadithi ya mtu, ikisimuliwa kwa upendo, haimwumizi. Sasa sijui kama ulikuwa upendo. Nikikuambia kwamba nilisimulia vizuri, nitakuwa najitetea. Na bado, nilisimulia vizuri.

Nipo tayari kumwandikia baba mdogo, au kumpigia, au kuja. Niambie lipi halitazidisha jeraha.

Mwanao,
Dafrosa

---

Rågsved, Stockholm
8 Septemba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Sijapata jibu, na nikipiga simu inaita hadi inakatika. Pengine barua ilipotea. Napenda kuamini hivyo, ingawa sidhani. Nimemwomba radhi Bella kwa kumbebesha kisichokuwa chake. Alilia. Aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia ni siri?"

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunikemea.

Mwanao,
Dafrosa

---

Mwanga, Kigoma
1 Desemba 2024

Mwalimu Dafrosa,

Salamu nyingi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika hali ya afya njema, na kazi yako ya kufundisha inaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo. Mzee Vénant hajambo, anakusalimu. Majirani hawajambo. Mvua zimenyesha vya kutosha na mahindi yamestawi. Tunakutakia heri ya Krismasi na mwaka mpya, wewe pamoja na wanafunzi wako wote.

Hii unaweza kuwasomea darasani.

Emérithe