Kadi za Baba Nomsa

Mwaka umetimia, Baba Nomsa, tangu Jumanne ile ulipoweka kikombe mezani, ukasema unajilaza kidogo, usiamke tena. Watu wananiuliza naendeleaje. Nawajibu sijambo. Ukweli ni kwamba sisikii kitu. Moyo umekufa ganzi. Nakula kwa sababu sahani ipo mbele yangu.

Hapa Yeoville, kwenu ulikorudi, walikujua kama Dakta Zolile Mabuza, mwalimu wa historia chuo kikuu, mwenye sweta moja kiangazi na kipupwe, anayesalimia kila msusi barabarani. Wanafunzi wako uliwaleta nyumbani, ukawasongea ugali mgumu uliojifunza Morogoro ulipokuwa mkimbizi, na ole wake atakayebakiza.

Kazi yako ilikuwa moja: wale Wameksiko waliolala wakiwa kwao, wakaamka wakaambiwa wako Marekani, kwa kuwa wakubwa wamesogeza mpaka hadi mtoni. Miaka thelathini ulifuatilia vizazi vyao. Ulienda huko mara tatu, miezi kwa miezi, ukirekodi wazee wa ng'ambo zote mbili. Jikoni kwetu Kihispania cha kanda zako kilisikika kuliko redio. Niseme tu, niliwaonea wivu. Nikikuita mezani unasema, "Subiri, Evarista, Bibi Refugio anamalizia." Nami, "Basi huyo Refugio wako akupikie!" Ukacheka mpaka miwani ikadondoka.

Kila mzee ulimwandikia kadi, tena kwa Kiswahili, lugha uliyosema ndiyo iliyokufundisha kuuliza watu kwa adabu. Kadi mia mbili na zaidi, zimefungwa kwa mipira ndani ya maboksi ya viatu. Kitabu chako chote kilikuwa humo.

Sasa nikuambie nililofanya. Baada ya arobaini mikono yangu ilikosa kazi. Unanijua, karani wa masjala maisha yangu yote. Nikayashusha maboksi, nikakata mipira, nikazipanga kadi kwa alfabeti, kuanzia Acosta hadi Zúñiga. Siku mbili nzima. Nilisoma majina ya juu tu, kama tulivyofundishwa kazini. Nikajiona nimekutendea jema.

Mwezi uliopita akaja Murielle, mwanafunzi wako wa mwisho, yule mtoto wa Bukavu anayesema "njo" badala ya "ndiyo". Chuo kimempa akimalizie kitabu, maana yeye ndiye anayesoma Kiswahili chako. Akafungua boksi la kwanza, akapekua. Akafungua la pili.

"Mama, nani aligusa hizi?"

"Mimi. Si unaona zilivyopangika?"

"Eish, Mama. Dokta alizipanga kwa njia yake. Huyu, kisha huyu, kisha yule wa ng'ambo. Hiyo njia njo kitabu. Bila njia tuko na majina tu."

Nomsa akasema kwa Kiingereza chake kwamba si kosa langu. Lilikuwa kosa langu. Nilijua nimekuzika mara ya pili, na hata hapo chozi halikutoka. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Murielle hakuondoka. Yeye ndiye aliyeona kwamba chini ya kila kadi umeandika kwa penseli, herufi ndogo: "Kanituma fulani." Kila mzee alikutuma kwa mwingine, kwa shangazi, kwa shemeji aliyebaki upande wa pili. Tukaanza kufuata. Wiki mbili tulipiga magoti kwenye zulia la sebuleni, hata Nomsa anayedai hajui Kiswahili, akisoma "kanituma, kanituma" kwa sauti. Njia ikarudi kidogo kidogo, inavuka mto, inarudi, inavuka tena.

Juzi Jumamosi ikabaki kadi moja, ya mwanzo kabisa, ile niliyoitupa mwisho kwa ajili ya Z: Refugio Zúñiga. Nomsa akatazama chini yake. Akanipa nisome mwenyewe.

"Kanituma Evarista. Jikoni, Mazimbu."

Nilikuwa nimesahau, mume wangu. Tulikuwa hatujaoana, tumekaa jikoni kwenye kambi yenu ya wakimbizi, Mazimbu, kule Morogoro. Nilikusimulia habari za bibi yangu kule Mutukula, ambaye wakubwa walipoweka mpaka nyumba yake ilibaki Tanganyika na migomba yake ikawa ya Uganda. Ukaniuliza alisemaje. Nikasema hakuna aliyemuuliza, na sasa amekufa. Nikakuambia, nenda kawaulize wenzake popote walipo, kabla nao hawajafa. Kumbe ulikwenda. Na mimi miaka thelathini nikawanunia watu niliokutuma kwao mwenyewe.

Kitabu kitatoka. Jiwe la kaburi lako tutalifunua Jumapili baada ya ibada. Bado sijalia, Baba Nomsa, nisikudanganye. Ila kadi ile sikuirudisha boksini. Murielle ameinakili, yenyewe iko kwenye mkoba wangu, na nikiwa kwenye foleni naishika.

Unakumbukwa na mimi mkeo Evarista, wanao Nomsa na Amosi, mkweo Lerato, wajukuu zako wote, na Murielle, ambaye sasa ni wa nyumba hii. Tutakukumbuka siku zote. Atakayetaka habari zako aje jikoni kwangu, nitamtuma kwa mwingine.