Barua Nne Ulizomsomea Mama

Akoth dadangu,

Sikuulizi hali. Mama mmoja anayeleta mahindi hapa Karungu kutoka Kegonga aliniambia umenenepa, una watoto wawili, na kanisani ni wewe unayesoma somo la Sabato kwa sauti ile yako. Nilicheka mpaka akaniuliza kama nakujua. Nilimwambia nakujua sana.

Nakumbuka ulivyonibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua malaria, ukinitungia hadithi njia nzima ili nisilale. Nakumbuka tukisugua sufuria kwa mchanga ziwani, wewe ukimwigiza mchungaji, mimi nikicheka hadi sufuria zikaenda na maji. Baba alipofariki, ni wewe uliyetolewa shule kidato cha pili ili mimi niendelee. Hilo sikulisahau hata siku moja. Mwaka wa tisini na tano, nilipochaguliwa chuoni kwenda Norwe muhula mmoja kusomea mambo ya samaki, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyekuambia. Ulisema, "Nenda. Wewe andika tu, mimi nitamsomea Mama."

Nikaandika. Barua nne kwa Kijaluo, kupitia sanduku la posta la kanisa. Nilimwambia Mama kwamba huko giza linaingia saa tisa mchana na sijazoea. Nilimwambia jinsi nilivyomweleza profesa kwamba mama yangu anajua omena, dagaa wetu wa ziwani, zimekauka kwa kuzisikiliza tu zikigeuzwa, na profesa akaniomba nirudie ili aandike. Nilimwambia kwamba omena alizonifungia nilikula peke yangu, kidogo kidogo, nikizificha zisiishe. Nililia nikiandika hayo, Akoth. Wewe uliyaona.

Nilirudi Januari. Mama hakuinuka. Alinionyesha kiti chenye kitambaa, kile cha mchungaji, akaniletea chai kwa kikombe cha maua ambacho hakikuwa kimetoka kabatini tangu matanga ya Baba. Nilipomfuata jikoni alinizuia kwa upole. "Kaa huko, nyathina, mwanangu. Wewe sasa ni mgeni. Moshi utakuharibia nguo." Siku tatu nilikula peke yangu mezani katika nyumba niliyozaliwa, na kila asubuhi mama yangu mzazi alinisalimia kwa mkono. Wewe ulikuwa umeolewa wiki mbili kabla. Hukuningoja.

Sabato ile, baada ya chakula, nilimwuliza nimemkosea nini. Unamjua Mama: kwa kuwa hasomi, kila anachosikia hukaa kichwani. Alinikariria barua zangu zote nne bila kuinua sauti. Eti katika ya pili niliandika asinitumie omena tena, zilinitia haya mbele ya wenzangu. Eti katika ya tatu niliandika kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuelewa ninachosomea, asijisumbue kuuliza. Aliposema "asijisumbue" nilisikia sauti yako kabisa. Nilikuona umeketi mbele yake, karatasi yangu mkononi, macho yako yakitembea juu ya maneno yangu huku mdomo wako ukisema yako.

Nilizitoa barua kwenye kikapu chake nikamsomea zilivyo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa unasoma vile unatamani ungeandika," alisema. "Akoth hawezi kunidanganya."

Nilipotaka jirani aitwe asome, alikataa. Alisema aibu ya nyumba yake haitatoka mlangoni.

Najua kwa nini ulifanya. Mimi nilipanda ndege, wewe ukabaki ukianika omena. Najua, na haikusaidii kitu kwangu. Kama ulitaka shule yako, ungegombana na mimi. Ungenipiga hata. Lakini wewe ulimchukua Mama, ukaondoka naye polepole, barua kwa barua, kisha ukaenda kwa mume wako ukaniachia mwanamke anayenikaribisha kama mkaguzi wa shule. Nakuchukia, Akoth. Nimejaribu kutafuta neno dogo kuliko hilo sikulipata. Nilitamani kuja Kegonga nikusimamishe katikati ya somo lako. Nilitamani watoto wako wakue wakikusalimia kwa mkono.

Mwishowe nilifanya jambo lingine. Siku hizi nafanya kazi Homa Bay, katika ofisi ya samaki, na kila Ijumaa nafika nyumbani kabla jua halijatua. Jumapili asubuhi namfundisha Mama kusoma. Mwanzoni alinipiga chenga. Nilimpa Biblia, akawa anafumba macho anakariri mistari anayoijua, kidole kikiwa ukurasa mwingine kabisa. Nikaiondoa Biblia, nikampa kadi ya zahanati na pakiti ya mbegu za sukuma wiki. Hapo hakuwa na la kukariri. Tulichukua mwaka mzima na zaidi. Tunasomea jikoni sasa, kwa sababu yeye anataka kuangalia sufuria yake, na hajaona kwamba ameniruhusu kuingia.

Juu yako sijamwambia lolote, wala barua sikuzitaja tena. Mwezi uliopita aliitoa ya kwanza mwenyewe, akasema anataka kuzoea mwandiko wa mkono. Ilimchukua Jumapili tatu. Ile hukuibadilisha sana, uliondoa tu mahali nilipoandika kwamba nimemkumbuka sana. Alipofika hapo alirudia mstari mara mbili. Kisha akaniuliza kama mtu anaweza kuruka maneno kwa bahati mbaya. Nilimjibu sijui.

Jumapili hii anaanza ya pili.

Ukitaka kuja umwambie mwenyewe kabla hajaimaliza, njia unaijua. Sikukatazi, na sikuombi. Na ukiona ni afadhali umwandikie, andika herufi kubwa, uziachanishe, maana hakuna mtu atakayemsomea tena. Atasoma mwenyewe, neno kwa neno, na mimi nitakuwa nimeketi kando yake nikimtazama usoni.

Ni mimi,
mdogo wako wa kufuatana nawe