Ukurasa wa Bamoja

Jumanne, Garissa

Na nani alisema albamu ya sarafu lazima ipangwe kwa nchi? Leo swali hilo limeniganda.

Mama Halima, jirani anayeniuzia maziwa ya ngamia, ameniletea sarafu za marehemu babake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Nikaanza kuzitenga, za Kenya huku, za Somalia kule. Akanishika mkono.

"Mwalimu, wewe nafanya nini? Weka bamoja."

Nikamwambia hizi ni nchi mbili. Akacheka. "Baba alikuwa na duka kule Diff, mpakani. Mtu akinunua chumvi, analeta hii ama hii. Sanduku ni moja tu."

Nimezichanganya, ingawa nahofia mkusanyaji mwingine ataniona sijui kazi. Halafu nikaona jambo: zote zimesuguka vilevile, pembeni, kama kwa kidole gumba kimoja. Ningezitenga nisingeliona.

Ukurasa ulihitaji jina. Nimeandika "Bamoja". Darasani nashinda nikisahihisha b hiyo iwe p. Hii ya leo nimeiacha.