Mama, Nimempata Aliyepaka Rangi Treni Zile

Kwako mama yangu, mpishi wa resti hausi ya reli,

Nakuandikia kutoka Guangzhou, mezani kwangu hosteli, mchana wa Jumapili. Mvua imekuwa ikinyesha tangu Alhamisi na nguo nilizoanika hazijakauka. Ungezinusa ungeziloweka upya. Barua hii nimeiahirisha miezi minane, tangu siku ile kaka Hamisi aliponipigia simu akashindwa kusema, nikasikia watu wanalia nyuma yake, nikajua. Leo nina jibu la swali uliloniuliza, na siwezi kukaa nalo peke yangu.

Nitaanzia mbali kidogo. Wewe mwenyewe hukuwahi kuanza hadithi katikati.

Nilikuwa na miaka saba Bwana Injinia alipokuja Tabora kukagua madaraja ya reli. Mjerumani mzee, mrefu, anayeinama kila mlango hata ule usiohitaji kuinama. Alikaa resti hausi miezi mitano. Homa ilipomshika ulimpikia uji wa ulezi na supu ya kuku wa kienyeji, ukasimama pembeni ya kitanda na kijiko mkononi ukimwambia, "Bwana Injinia, hapa kwangu hakuna kusema sitaki." Alikunywa. Nani aliwahi kukukatalia?

Siku ya kuondoka alikuja jikoni na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea, cheusi, chuma kitupu, magurudumu mekundu, urefu wake kama kiganja chako na vidole vyake. Chini yake kulikuwa na kitabu chembamba cha picha, kimeandikwa Kijerumani. Alisema kichwa kile alipewa na baba yake utotoni, amekihifadhi maisha yake yote, na hana mtoto wa kumwachia.

"Sasa mimi hiki nitakipikia nini?" ulimuuliza, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele.

Kisha akakufungulia kitabu ukurasa kwa ukurasa, akakueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza habari za kiwanda kilichotengeneza treni ile. Wewe ukatueleza sisi, miaka na miaka, kila mara ukiongeza chumvi yako.

Palikuwa na fundi bati, ulisema, katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Alitengeneza majiko ya bati ya wanasesere, na visufuria vyenye mifuniko inayofunika kweli. Hapo ulikuwa unatabasamu, kwa kuwa mtu anayetengeneza sufuria huwezi kumwona mbaya. Fundi yule akafa ghafla. Akabaki mkewe na watoto na duka lililojaa visufuria. Watu wakamwambia auze kila kitu. Yeye akafunga mizigo yake, akaenda nayo mji kwa mji kutafuta wanunuzi, wakati ambapo mwanamke kusafiri peke yake kulikuwa ni kujitafutia maneno. Watoto wake walipokua ndipo wakaanza treni, za kujazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Na walikuwa wajanja: reli, mabehewa, stesheni, vyote vilipimwa vipate kuungana, hivyo mtoto aliyepata kichwa cha treni mwaka huu alitaka daraja mwaka ujao. "Hao waliwajua watoto," ulikuwa ukisema. Ukaja umeme, zikatembea kwa umeme. Ikaja vita, michezo ikasimama. Vita ikaisha, mafundi waliobaki wakarudi kwenye meza zao. Picha ya mwisho kitabuni ilikuwa ya ukumbi mrefu uliojaa wanawake wenye aproni nyeupe, kila mmoja na brashi nyembamba mkononi, wanapaka rangi.

Nilipokuwa mtoto nilitaka ufike haraka kwenye umeme. Wewe ulikuwa unachelewa kwa mjane. Sauti yako ilishuka pale, na mkono ulienda kwenye treni ukaanza kuishikashika. Nilikuwa na miaka minne baba alipofariki, na wewe ulikuwa na ishirini na tisa. Ndugu wa baba walikuja kukuambia urudi Urambo kwa wazazi wako na nyumba waiangalie wao. Uliwapakulia chakula, wakala, ukawaambia kazi ya jikoni inaanza saa kumi na moja alfajiri na hutaki kuchelewa. Hayo sikuyajua mpaka Hamisi aliponihadithia nikiwa sekondari. Ndipo nikaelewa ulikuwa unahadithia habari za nani.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, ulinipigia. Baada ya kuniuliza kama nakula na kama baridi imepungua, ulisema, "Tatu, bwana mmoja wa ofisi ya reli ameniambia treni zile za kuchezea siku hizi wanatengeneza huko China. Ni kweli? Zilifikaje huko? Hebu niulizie."

Nikakujibu, "Mama, China kubwa hii. Na mimi nina mitihani."

"Haya mwanangu. Ukipata nafasi."

Sikuitafuta nafasi. Miezi miwili baadaye presha ikakuangusha mlangoni pa jiko. Ulizikwa kesho yake, na hakuna ndege ambayo ingenifikisha Tabora kwa wakati. Hilo kila mtu alinielewa. Ambalo hawakulielewa ni kwa nini likizo ilipofika sikwenda. Niliwaambia nina utafiti maabara. Ulikuwepo utafiti, lakini haukuwa wa kunizuia.

Hamisi hakubishana nami. Alilifunga sanduku lako la treni kwa kanga mbili akalikabidhi kwa Mama Salma, yule mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja huku kununua jinzi kwenye viwanda vya Xintang. Mama Salma alinikabidhi mbele ya karakana moja, amezungukwa na marobota yake, simu sikioni, anabishana bei na laoban wake, bosi wa karakana. "Mwanangu, mzigo wako huu nimeupakata kama kichanga," aliniambia. Lakini safari ni safari. Nilipofungua, bomba la moshi lilikuwa limeng'oka na kile chuma kinachounganisha magurudumu kimepinda.

Niliweka treni mezani maabara nikidhani nitainyoosha mwenyewe. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo, mama, na niliogopa kuigusa. Mchina mmoja tunayesoma naye akaiona. Akasema mtaani kwao, karibu na bandari ya Huangpu, yuko mama anayetengeneza treni ndogo za watu wanaozikusanya. Jumapili iliyopita akanipeleka.

Anaitwa Liang. Mimi namwita Liang Ayi, maana huku mwanamke wa rika lako humwiti jina tupu, unaongeza ayi, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Anakaa ghorofa ya tatu, nyumba ndogo, na meza yake ya kazi iko dirishani panapoingia mwanga. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Akaigeuza treni, akaitazama tumboni, kisha akasema kwa Kichina cha polepole ili nielewe:

"Hii si yetu. Hii ni ya kwao kabisa. Zetu zilikuja baadaye."

"Zenu?" nikauliza.

"Nilipaka rangi miaka kumi na miwili."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mama, nilimuuliza swali lako. Nililiuliza hivyo hivyo ulivyoliuliza: zilifikaje huku?

Akanijibu huku anafanya kazi. Watoto wa Ulaya waliacha treni, alisema, wakashika michezo ya kwenye vioo vya kompyuta. Wanunuzi wakabaki wazee, nao wazee wanapungua. Kampuni ikaanza kuyumba, ikabadilisha wamiliki, na ili ipumue ikaileta kazi ya mikono huku Guangdong, kwenye viwanda vya watu wengine. Yeye alikuwa ametoka kijijini, ana mtoto mchanga aliyemwacha kwa mama yake. Walimweka mezani na brashi ya nywele chache, kazi yake taa za mbele na vishikio vya milango. Mjerumani mmoja mwanamke aliletwa kuwafundisha. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Yule Mjerumani alikuwa anamshika mkono Liang Ayi na kuupeleka, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. Siku ya kuondoka walilia wote wawili.

"Baada ya hapo?"

"Wazee wa kule wakaanza kulalamika. Wakasema treni za China mbovu." Aliinua uso. "Zilikuwepo mbovu, sikatai. Wasimamizi walituharakisha. Lakini mkono wangu mimi naujua. Taa niliyopaka mimi haijabanduka."

Mwishowe, alisema, kampuni ikapata wamiliki wengine na sehemu ya kazi ikarudishwa Ulaya. Meneja aliwakusanya asubuhi, akawashukuru, na kufikia saa sita meza zilikuwa tupu. Yeye alirudi nyumbani na miwani yake. Kampuni ipo mpaka leo, mama, na treni zinatengenezwa. Hilo nilitaka ulijue, usije ukadhani hadithi ya mjane yule iliishia jalalani.

Nikamtolea kitabu chako. Alifungua taratibu mpaka ile picha ya mwisho, ukumbi wa wanawake wenye aproni nyeupe. Kisha akaweka kidole juu ya mmoja wao, wa mstari wa pili, aliyeegemeza kiwiko mezani.

"Anakaa kama mimi," alisema. "Ukifanya kazi hii lazima uegemeze kiwiko hapo, mkono usitetemeke." Akamwita mumewe aliyekuwa jikoni aje aone. Alimwonyesha mstari wote, mmoja mmoja, kama anayeonyesha picha ya ukoo.

Alinyoosha chuma, akarudisha bomba la moshi kwa lehemu ndogo ambayo huwezi kuiona. Nikamwomba anigusie pia rangi ya paa, maana kuna mahali imelika mpaka chuma kinang'aa. Akakataa.

"Hapa hapajachubuka," alisema. "Hapa pameshikwa. Tazama." Akaweka dole gumba lake pale, likakaa sawasawa. "Kuna mtu alikuwa anaishika hivi, miaka mingi. Nani?"

Nikasema ni mama yangu. Akauliza uko wapi. Katika miezi yote hii, mama, hapa Guangzhou sikuwa nimemwambia mtu. Si profesa, si wenzangu wa hosteli, hata Waswahili wenzangu tunaokutana msikitini. Nilitumia neno la Kichina nililolijua, la kitabuni, ambalo hata panya akifa wanalitumia.

Liang Ayi akavua miwani yote miwili. "Kwa mama husemi hivyo," aliniambia kwa upole. "Sema zou le. Ameondoka."

Nikarudia kama mwanafunzi: zou le. Ndipo machozi yakanitoka, yale ambayo Hamisi aliyasubiri kwenye simu akayakosa. Hakunibembeleza. Alinisogezea kitambaa cha kufutia brashi, kina harufu ya rangi, akaendelea kupaka mafuta magurudumu mpaka nilipomaliza. Halafu akaunganisha reli zake mezani, akawasha umeme. Ilisita kidogo kisha ikatembea, mama. Inapiga kelele kuliko nilivyofikiri. Wewe hukuwahi kuiona ikitembea hata siku moja, maana hatukuwa na reli zake, na nilitamani kukuita.

Sasa nikuambie la kweli. Sikuja likizo kwa sababu niliogopa jiko. Nikiwa huku niliweza kujidanganya kwamba wewe uko Tabora unachochea moto, mimi ndiye niliye mbali. Nikifika, itanibidi niingie mlango ule na nione nani amesimama pale. Nilipenda kuwa mbali kuliko kujua.

Jana nimekata tiketi. Nitafika mwezi wa saba, na nimemwambia Hamisi tukitoka stesheni twende kwanza makaburini, nyumbani baadaye. Aliniuliza nitakaa siku ngapi. Nikamjibu, mpaka nizoee nyumba bila mama.

Kisha akasema, "Na mimi sijazoea, Tatu. Napita nje ya jiko lile nafumba macho. Njoo tuzoee wote."

Pumzika, mama. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana na yenye mwanga. Sisi tuko wawili, tutaingia pamoja.

Kitinda mimba wako,
Tatu